Shikamoo Inaishia Kwenye Bawa

Mwalimu wangu wa urubani alikuwa akiniamkia. Kila asubuhi, kabla hatujagusa ndege, alisimama pembeni ya uwanja wa majani, akavua kofia, akasema, "Shikamoo mama," nami nikaitikia, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Kisha tulipanda kwenye ndege ya viti viwili, nyepesi kama debe tupu, yeye akiijua na mimi nikiwa siijui, tukaondoka nayo hivyo hivyo: mimi mama, yeye mwana. Ilituchukua muda kugundua kwamba hatari ilikuwa imekaa hapo. Tulikuwa tukiitafuta kwenye injini na kwenye upepo unaoteremka kutoka milimani, kumbe tumeibeba wenyewe, ndani ya adabu yetu.

Mimi ni mfanyabiashara wa vitunguu. Vinatoka Lumuma, vinateremka kwa lori mpaka Kilosa, na kila gunia nalihesabu mara mbili, likipakiwa na likishushwa, kwa sababu katika ile barabara magunia huota miguu. Lumbesa naijua kwa macho, lile gunia lililovimbishwa na kuvishwa kilemba cha wavu juu, na naijua kutoka pande zote mbili za mzani. Sijawahi kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote. Mwanangu wa kiume alipooa, niliizungumza ile mahari mpaka wakwe wakaomba maji ya kunywa.

Watu wakisikia kwamba mwanamke wa namna hii, mwenye wajukuu, amejifunza kurusha ndege, huuliza nilitaka kwenda wapi. Sikutaka kwenda popote. Nilipokuwa msichana kazi yangu ilikuwa kuamia kwelea kwelea kwenye mpunga wetu. Unakaa juu ya ulingo na debe na kijiti, na wale wadudu wenye manyoya wakija wanakuja kama moshi unaojua njia, wewe unapiga debe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Alasiri moja ikaja ndege ya kunyunyizia dawa. Ilipita chini kiasi kwamba niliuona uso wa rubani, na yeye akauona wangu, akainua mkono. Nikaacha kupiga debe. Nikasimama mdomo wazi, kwelea wakala watakavyo, na jioni nikachapwa kwa haki kabisa. Lakini tangu siku ile nilikuwa na swali moja ambalo sikumwambia mtu: yule alikuwa anaona nini kutoka kule? Na nilitaka kuliona peke yangu, kama yeye, bila mtu wa kunishikia usukani.

Basi watoto wakakua, biashara ikasimama kwa miguu yake, na mzee mmoja mstaafu akaleta ndege yake kwenye uwanja wa majani nje ya mji, na mwalimu mmoja. Nilikwenda pale kuuliza kama jiko lao linahitaji vitunguu. Nilitoka nikiwa mwanafunzi. Bei tuliyopatana sitaitaja, ila yule mzee mpaka leo akiniona sokoni hunisalimia kwa mbali.

Mwalimu mwenyewe alikuwa wa rika la mwanangu wa pili, mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa na kujenga upande wa Msowero. Alinieleza hilo siku ya kwanza, kwa tahadhari, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

"Ng'ombe wenu wameshawahi kula mpunga wa kwetu?" nikamuuliza.

"Sijui mama. Huenda."

"Basi utanifundisha vizuri, kufidia."

Akacheka, akaziba mdomo kwa mkono kama mtoto aliyelelewa.

Tulielewana kwenye mafuta. Alipanda kwenye bawa, akachovya kijiti cha kupimia tangini, akasoma, akashuka. Nami nikapanda, nikachovya kile kile kijiti, nikasoma. Nilipogeuka nikamkuta ananitazama, nikajua sasa atauliza kama simwamini. Akasema, "Mama, kila siku fanya hivyo hivyo. Hata nikiwa nimeshapima mimi. Hasa nikiwa nimeshapima mimi." Nikajisemea, huyu ningefanya naye biashara.

Siku ya kwanza tulipopaa sikusema neno, na wanaonijua hawaamini. Ardhi iliachia magurudumu bila kelele, kama mtu anayefungua mkono, na Kilosa yote ikaanza kulala chali. Mto Mkondoa, ambao nimeufahamu maisha yangu yote kama kitu cha kuvuka kwa hofu wakati wa masika, ulikuwa umejinyoosha kama mkufu ulioanguka. Reli ilikuwa uzi. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamesukwa mistari, tena mistari iliyonyooka, mimi niliyedhani mkonge ni fujo ya miiba. Na mpunga! Yale majaruba yalikuwa vioo, kila kimoja na kipande chake cha mbingu, na kivuli chetu kikipita juu yake kidogo kama inzi. Nilitafuta mahali ulingo wetu ulipokuwa. Shamba zima, lile lililonimaliza sauti, ningeweza kulifunika kwa kanga.

"Subhanallah," nikasema mwishowe.

Akaniacha nitazame. Baada ya muda akasema polepole, "Sasa mama, tutazame na kwa kazi pia."

Akanifundisha kutazama alivyofundishwa yeye porini. Macho ya mchungaji, alisema, hayakai mahali pamoja. Ng'ombe wa mbele, kichaka, ng'ombe wa nyuma, wingu, halafu anarudi kwa wa mbele. Anga nalo lina vichaka vyake. Bawa letu lilikuwa juu ya vichwa, kwa hiyo kabla ya kukata kona unaliinua kwanza na kuchungulia chini yake, maana upande unaokwenda ndio unaofichwa na lile bawa. Upande wa kushoto ulikuwa wangu kuulinda, wa kulia wake. Redio na vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini sisi wenyewe kwa wenyewe tulikubaliana Kiswahili. Mwanzoni alijaribu kunielekeza kwa saa, kama marubani wanavyofanya, pua ya ndege ikiwa ndiyo juu ya saa. "Mama, kuna ndege saa mbili." Nikageuka nyuma kushoto, mahali akrabu ya saa yangu inapokaa saa mbili asubuhi. Kumbe yeye anamaanisha mbele kulia, saa ya Wazungu. Tukazitupa saa zote, tukabaki na kulia, kushoto, juu, chini.

Na kulikuwa na sheria ya mikono. Ndege haiwezi kuwa na watu wawili wanaoiendesha, na zaidi ya hapo haiwezi kukosa hata mmoja. Kwa hiyo anayekabidhi anasema, "Ndege yako." Anayepokea anasema, "Ndege yangu." Wa kwanza anarudia, "Ndege yako," ndipo anaachia. Niliipenda sheria hiyo kwa sababu ni kuhesabu mara mbili. Hakuna gunia linaloota miguu hapo.

Tatizo lilikuwa kila kitu kingine. Aliposema tugeuze digrii thelathini, nilitoa ishirini. Aliposema tushuke futi mia mbili, nilishuka mia moja na ushei nikangoja nione atasemaje. Sikufanya kwa jeuri. Mkono wangu ulikuwa bado sokoni: ukisikia tarakimu, unaweka yako. Na yeye, badala ya kunikatalia, alikuwa anapokea. "Sawa mama, si mbaya, kama tungeweza kuongeza kidogo..." Nami nikamwongezea kidogo. Kila mmoja wetu alirudi chini ameridhika, na ndege ilikuwa haijawahi kuwa mahali ilipotakiwa kuwa.

Kisha tukaenda Mikumi.

Ilikuwa asubuhi ya kiangazi, kibali kimeshachukuliwa, na nilikuwa nimeahidiwa kwamba nikitua vizuri kule, ile siku ya kuruka peke yangu itakuwa karibu. Tulikwenda kusini juu ya mbuga ya Mkata. Nimepita Mikumi kwenye barabara kuu mara nyingi, juu ya lori la vitunguu, na kila mara nikaona swala wachache na matuta ya barabarani. Kutoka juu barabara yenyewe ndiyo iliyokuwa mgeni. Malori yalikuwa siafu waliopotea njia, na pande zote mbili nchi ilikuwa inatembea: nyati kama doa la wino linalosambaa, pundamilia, tembo wakiburuta vivuli vikubwa kuliko wao wenyewe. Nilihisi nimeingia kwenye nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Kwenye uwanja wa hifadhi kuna desturi: hutui mara ya kwanza. Unapita kwanza chini, injini ikiunguruma, kuwaondoa wenyeji kwenye changarawe, halafu unazunguka na kurudi kutua. Tulipita. Swala wakaruka, ngiri wakakimbia mikia juu kama antena. Twiga mmoja alibaki pembeni ya uwanja, anatafuna, hana habari.

Tukazunguka, tukarudi. Usukani ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeipanga ndege vizuri kuliko siku zote, na nilikuwa naipenda ile kazi ya mikono yangu, pale yule twiga alipoanza kutembea kuelekea katikati.

"Mama," mwalimu akasema, "yule twiga..."

"Nimemwona."

"Naona kama anataka kuvuka."

"Atapita."

"Pengine tungepaa tena, kama hutojali."

"Subiri kidogo, mwanangu. Huyo anavuka, anatoka."

"Sawa mama, ila naomba..."

Twiga hakutoka. Alifika katikati ya uwanja akasimama, akatugeuzia uso. Nilikuwa nazungumza naye kimoyomoyo, nikimpunguzia, sogea hatua, sogea basi nusu hatua, na yeye alikuwa hashuki hata senti. Akakua. Akajaa kioo.

"NDEGE YANGU!"

Sauti ile sikuwahi kuisikia. Mikono yangu iliachia yenyewe. Injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, pua ikainuka, na nilichokiona kupitia dirisha langu kilikuwa masikio mawili, pembe mbili fupi zenye vishungi, na jicho moja kubwa lenye kope ndefu, likitutazama tukipita kama linavyotazama wingu. Kisha mbingu tu. Nikasema, "Ndege yako," nikiwa nimechelewa sana, na sauti yangu ilikuwa ya yule msichana wa juu ya ulingo.

Alizunguka akatua yeye. Twiga alikuwa ameshaondoka kwa wakati wake. Askari wa hifadhi alitukuta na gari lake mwisho wa uwanja, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Huyo mama hapa ana haki ya njia kuliko nyinyi. Mjue." Alikuwa anamzungumzia twiga. Akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari lake akatuacha.

Tulisimama chini ya bawa. Mwalimu alivua kofia.

"Mama, mimi nimekosea."

"Usukani nilikuwa nao mimi."

"Nilitakiwa kusema neno moja. Mapema. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama yangu." Akazungusha kofia. "Siwezi kukuachia uruke peke yako."

Nikafungua mdomo kuzungumza ile bei, akainua mkono.

"Mikono yako haina shida. Mikono ni mizuri. Lakini nikikuambia jambo, wewe unalisikia kama mtu amekutajia bei. Nikisema paa, unasema subiri. Sasa huko juu peke yako, ndege ikikuambia kasi imepungua, utaiambia nini? Ndege haipunguzi, mama. Na mimi ndiye nitakayesema kwamba uko tayari. Nikisema uongo, nitakuja kuwaeleza nini watoto wako?"

Nimesemwa na wanunuzi, na madereva, na watu wa ushuru. Hakuna aliyewahi kunisoma namna ile, na kwa sauti ya chini vile, huku machozi yanamlengalenga. Nikamtazama yule kijana, nikaona kwamba yale maneno yalimgharimu zaidi kuliko yalivyonigharimu mimi.

"Basi nami nikuambie lako," nikasema. "Wewe ukiwa na neno la kuniambia, unalifunga kwenye karatasi ya maua kama zawadi ya harusi. Twiga hasubiri zawadi ifunguliwe."

Akacheka bila kutaka, na safari hii hakuziba mdomo.

Tulipatana palepale, na ndiyo mapatano ya ajabu kuliko yote niliyowahi kuingia. Kuna nguzo nyembamba inayoshikilia bawa. Kila anayepanda lazima aipite. Tulikubaliana kwamba pale ndipo shikamoo inapoishia. Ukishaigusa ile nguzo kwa mkono, huna umri. Hakuna mama, hakuna samahani, hakuna kama hutojali. Anayeona anasema, kwa neno moja akiweza. Anayeambiwa anafanya, halafu anauliza baadaye, chini, tukiwa tumetua.

"Na mimi nikiona kitu ambacho wewe hujaona?" nikauliza.

"Unasema vilevile. Nafanya. Nauliza baadaye."

"Wewe? Mwalimu?"

"Mimi."

Nililichunguza hilo kwa pande zote nikitafuta mahali nilipopunjwa, nikapakosa. Wote wawili tulikuwa tunakubali kulipa bei ya kwanza.

Kulitekeleza lilikuwa jambo jingine. Asubuhi iliyofuata aligusa nguzo, na tangu hapo akageuka mtu mwingine. "Kasi." "Pua." "Kulia." "Pua, pua!" Sijawahi kuitwa kwa sauti ile tangu mama yangu mzazi alipokuwa hai, na ardhini ningemfuata nyumbani kwao kumshtaki. Mdomo wangu ulikuwa unafunguka wenyewe kujibu, nikauma ulimi, mkono ukafanya. Tukitua, alishuka, akagusa nguzo, akarudi kuwa mtoto wa watu: "Pole mama kwa maneno." "Nimeshapoa mwanangu. Lakini ile pua ya tatu haikuwa na haja." "Ilikuwa nayo, mama." Tukabishana chini ya bawa mpaka chai ikapoa. Huko chini kubishana kuliruhusiwa, na tulikufanya kwa haki.

Kidogo kidogo nikaanza kuona kinachotokea kati ya watu wawili wakiacha kuhesabiana umri. Alikuwa anajua nimechoka kabla sijajua, kwa namna nilivyoshika usukani. Mimi nilikuwa nasikia pumzi yake kwenye vipaza sauti vya masikioni, na ikibadilika nilijua ameona kitu, hata kabla hajataja. Nilikaa na marehemu mume wangu miaka mingi kwa mapenzi na amani, na sidhani kama tuliwahi kusikilizana hivyo, maana ndoa haina twiga.

Bado hakusema lini nitaruka peke yangu. Sikumwuliza. Kwa mtu kama mimi, kutouliza ni kazi ya siku nzima.

Kisha tukaenda upande wa Kidodi. Walikuwa wanachoma miwa kabla ya kuivuna. Moshi ulikuwa umesimama kama mti mkubwa pembeni ya mto Ruaha, na nyuma yake milima ya Udzungwa, kijani karibu nyeusi, ukuta uliomwagiwa ukungu. Chini malori ya miwa yalikuwa yanakwenda na shehena iliyotimka juu yake kama nywele zilizowashinda vinyozi. Nilikuwa na hamu ya kutazama vyote hivyo, kama mtu aliye dirishani, lakini usukani ulikuwa wake, na kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kichaka, wingu, kichaka. Yeye alikuwa ameinama upande wake wa kulia ananionyesha shamba lililolala wazi, mahali ambapo mtu angetua injini ikizimika. "Unaona pale kwenye majani mafupi, upepo unatoka..."

Ukingoni mwa moshi, kushoto, juu kidogo, kulikuwa na vipande vya majivu. Nikavitazama mara ya pili, kama ninavyotazama kila kitu. Majivu hayapigi mbawa.

"Tai. Kushoto. Kata kulia."

Hakugeuza kichwa. Hilo ndilo ninalolikumbuka hadi leo nikiwa nimelala. Alikuwa katikati ya sentensi, mtu mwenye elimu yake, mwalimu, na mwanafunzi wake muuza vitunguu amemkatiza. Mikono yake ilikata kulia kabla macho yake hayajainuka kutoka kwenye shamba. Dunia ikainama, milima ikasimama kwa ubavu, na kwenye dirisha langu wakapita, tai wakubwa, kwanza mmoja na kisha kundi zima, wamekunjua mbawa bila kupiga, karibu kiasi kwamba niliona wa mbele akigeuza kichwa, na manyoya ya ncha za mbawa zake yakiwa yametengana kama vidole. Walikuwa wazuri mno.

"Nimewaona," akasema baadaye, tulipokuwa tumenyooka. Basi. Akarudi kwenye upepo wa lile shamba, akamalizia sentensi yake.

Njia nzima nililipigia hesabu lile jambo. Kila aliyewahi kunisikiliza alifanya hivyo kwa sababu nina pesa mkononi au mzigo kwenye lori. Huyu alikuwa ameweka uhai wake kwenye maneno yangu manne bila kuyapima. Sijui kitu kingine duniani kinachofanana na hicho. Nikaelewa pia alichokuwa anakihitaji kwangu wakati wote, na kwa nini pale Mikumi machozi yalimlengalenga.

Tulipotua Kilosa hakuzima injini. Alifungua mlango wake, akashuka kwenye upepo wa panga boi, akafunga mkanda juu ya kiti kitupu ili usining'inie, akaukagua, akaukagua tena.

"Mzunguko mmoja," akapaza sauti. "Unapaa, unazunguka uwanja, unatua. Mmoja."

"Miwili," mdomo ukasema, kwa mazoea tu.

Akanitazama. Mkono wake ulikuwa umeshika ile nguzo.

"Mmoja," nikasema.

"Nitakuwa pale na redio. Sitasema kitu. Ukinisikia nasema, fanya."

Bila uzito wake ndege ilipaa upesi kuliko nilivyozoea, kama tenga lililopunguziwa mzigo. Nilijisikia nikisema kwa sauti, "Kasi. Pua," kwa lafudhi yake ya Kanda ya Ziwa. Niliinua bawa nikachungulia kabla ya kona. Ng'ombe wa mbele, kichaka, wingu. Redio ilikuwa kimya, na ule ukimya ulikuwa na mtu ndani yake. Nilimhisi anavyotazama, kila sekunde, akizuia ulimi wake kama nilivyokuwa nimezuia wangu.

Halafu, upande wa kurudi, mpunga ukaja chini yangu. Vioo vyote viliwaka pamoja. Katikati ya majaruba mtu mmoja, mdogo kama punje, alikuwa amesimama na uso umeinuka. Sikuweza kujua ni nani, mke au mume. Nilijua tu kwamba ameacha kazi. Nikainua mkono. Basi hiki ndicho yule rubani wa dawa alichokuwa anakiona: kwamba aliye chini anaonekana mdogo, lakini anaonekana.

Nikatua. Magurudumu yaligusa majani, yakaruka kidogo, yakagusa tena. Uwanja ulikuwa bado mrefu mbele yangu, kasi bado ipo, mkono wa kulia uko kwenye mpini wa nguvu za injini, na kiti cha pembeni hakina mtu. Kuusukuma tu kidogo, ningerudi kule juu. Nyongeza moja. Kila muuzaji hutoa nyongeza, na nani angenikataza? Redio haikusema kitu.

Nikauvuta mpini nyuma hadi mwisho, injini ikatulia, nikashika breki, ndege ikasimama.

Alikuja akikimbia kwenye majani, kisha akakumbuka hadhi yake akatembea. Nilizima injini, nikashuka, nikagusa nguzo. Alivua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Alikuwa anatabasamu na uso umelowa jasho kuliko wangu. "Ulipogusa uwanja bado una kasi," akasema, "nilidhani utaniongezea mmoja. Nilishainua redio mdomoni."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja nione."

"Tulisema mmoja," nikamwambia, kisha nikapanda kwenye bawa na kijiti kupima mafuta yaliyobaki, na yeye akasimama chini akingoja zamu yake ya kupima.